Nani Atashika Kiwiko?

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kuna simu ya zamani iliyotundikwa nguzoni na maandishi yanayotangaza kuwa simu za kimataifa ni bure. Mgeni hucheka, hupiga picha, akenda zake. Wenyeji hawaitazami tena. Macho yao yako kwenye kahawa, dhumna na bao, na zaidi ya hapo, kwa wapita njia. Barazani mtu hujulikana kabla hajafika. Anapochomoza kichochoroni, uso wake bado uko kivulini, washasema: mwendo ule wa nani, goti linamsumbua, leo katoka nyumbani na hasira. Na yule mzee aliyekuwa akitawanya kete za bao kama anayepanda mbegu, sasa vidole vyake vinasuasua. Mkono mmoja haupepei anapotembea. Kikombe kinagonga meno. Baraza limeshampa hukumu yake bila ya kumgusa. Wengine watasema ni uzee, wengine baridi yabisi, na mmoja atashusha sauti na kusema mzee kapigwa na upepo.

Nimeanzia barazani kwa makusudi. Siku hizi tunaambiwa kuwa tiba mtandao itawafikia wagonjwa wa maradhi ya mwendo, yaani watu ambao ubongo wao umeshindwa kuuongoza mwili sawasawa: wanaotetemeka, wanaokakamaa, wanaopindika shingo bila ya kutaka, wanaoganda katikati ya hatua. Bingwa akae alipo, mgonjwa akae kwake, simu iwakutanishe. Habari hii huletwa kama kitu kilichoshuka jana. Sivyo. Kumtibu mtu asiyekuwepo mbele yako ni kazi kongwe, na katika mji huu ambamo waganga, matabibu na madaktari wamepishana kwa karne, imefanywa kwa njia nyingi. Kinachozitofautisha njia hizo ni mwakilishi: kitu gani kimechaguliwa kusimama badala ya mwili ulioachwa nyumbani, na mwakilishi huyo ameshindwa kubeba nini.

Mwenye jina lake kwanza. James Parkinson, tabibu wa Hoxton, London, alichapisha kijitabu chake juu ya maradhi ya kutetemeka mwaka 1817. Kina wagonjwa sita tu. Na hapa msomaji wa Unguja ana haki ya kutabasamu, maana kati ya hao sita, wawili alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Nusu ya ushahidi wa maradhi yanayobeba jina lake ulikusanywa kibaraza. Jicho lake lilikuwa kali. Aliona mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo unaoinama, hatua fupi zinazokimbilia mbele kana kwamba mtu anaufukuza mwili wake mwenyewe. Yote hayo yanaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Lakini dalili moja kubwa ilimpita: kukakamaa kwa misuli. Hiyo haionekani. Sharti ushike kiwiko cha mtu, ukikunje na kukikunjua polepole, yeye amelegeza mkono, ndipo usikie mkono unakataa, unaachia, unakataa tena, kama mnyororo wa baiskeli ulioshika kutu. Dalili hiyo ilimsubiri Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, miongo kadhaa baadaye, naye ndiye aliyeyapa maradhi jina la Parkinson. Sasa tazama kipimo ambacho mabingwa wa leo hukitumia kumkagua mgonjwa wa Parkinson. Wanapokagua kwa video, huacha vipengele viwili: kukakamaa, na lile jaribio la kumvuta mgonjwa mabega kutoka nyuma kuona kama ataanguka. Karne mbili zimepita na pengo ni lilelile. Aliye mbali huona karibu kila kitu isipokuwa kinachotaka mkono.

(Charcot huyohuyo aliambiwa na wagonjwa wake kwamba safari ndefu ya treni au ya gari la farasi huwapunguzia taabu, basi akatengeneza kiti cha kutikisika ili wapate safari bila ya kusafiri. Faida yake haikuthibitika. Namhurumia kwamba hakuwahi kupanda daladala ya 310 ya Makunduchi enzi za barabara mbovu, angefunga kliniki.)

Nenda sasa kwa mtazamia ramli. Mgonjwa si lazima aje. Atakuja dada yake au mwanawe, na ataulizwa mambo mawili: jina la mgonjwa na jina la mama yake. Herufi zinageuzwa hesabu, hesabu inatoa nyota, nyota inatoa jibu. Mwili mzima umewakilishwa na majina mawili. Wapo wanaocheka. Mimi sicheki haraka, kwa sababu kwanza nataka kujua ameulizwa nini. Haulizwi mkono unatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Anaulizwa kwa nini yeye, kwa nini sasa, na nani ana lake jambo. Kwa swali la namna hiyo, jina la mama lina habari nyingi kuliko kiwiko. Ubaya wake uko kwengine: jibu lililotoka kwenye majina haliwezi kusahihishwa na mwili. Mgonjwa akizidiwa, haisemwi ramli imekosea, husemwa adui kaongeza.

Kombe linakwenda njia ya kinyume. Aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi ya mawaridi, na maji yale mgonjwa akayanywa. Yanaweza kutiwa chupani yakapelekwa shamba, kwa mtu ambaye mwandishi hajamtia machoni. Hapa si mwili unaosafiri kwenda kwa tabibu, ni dawa inayosafiri kwenda kwa mwili, na naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu tutakutana na tiba ambayo husafirisha maneno mazuri na kuacha dawa nyuma. Jambo jengine la kombe ni la jicho. Maradhi haya yakimpata mtu anayeandika, maandishi yake husinyaa: mstari unaanza na herufi pana unamalizika na herufi kama sisimizi. Madaktari humwomba mgonjwa aandike sentensi kwa sababu hiyo. Mwalimu wa chuo mwenye kalamu ya zafarani ana kipimo hicho mkononi mwake kila siku, na sahani zake za mwaka juzi na za mwaka huu, kama angezipiga picha kabla ya kuziosha, zingemwambia kitu.

Matabibu waliofuata tiba ya Kiyunani, ambao elimu yao ilipita kwa Waarabu ikatufikia, walichagua mshipa na mkojo. Mshipa unataka vidole, lakini chupa ya mkojo inabebeka, kwa hiyo mjumbe aliweza kuipeleka kwa tabibu na mgonjwa akabaki kitandani. Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliweka masharti katika Al-Qanun juu ya mkojo wa kutazamwa, mojawapo likiwa usikawie. Ni sharti la mtu aliyejua kwamba mwakilishi huharibika njiani. Sisi nasi tuna sharti letu la chupa: picha isikatikekatike. Mtetemeko wa Parkinson ni wa mapigo manne hadi sita kwa sekunde, na video iliyobanwa ipite kwenye mtandao dhaifu huumeza. Wepesi wa vidole ndio unaopimwa, na mtandao ukisuasua kila mtu ana Parkinson, pamoja na daktari. Kwa hiyo njia ya salama pale mtandao unapochechemea ni ileile ya chupa: mrekodi mgonjwa kwa utulivu, kisha itume video kamili, itazamwe baadaye.

Ulaya nayo ilikuwa na waraka. William Cullen wa Edinburgh, katika karne ya 18, alitibu kwa maelfu ya barua, na wagonjwa wengi hakuwahi kuwaona. Mwakilishi hapo ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, na barua ina fadhila ambayo chupa haina: inaweza kuulizwa tena.

Mila hizi zilipokutana pwani ziliacha maneno, na maneno ndiyo yanayofika kliniki kabla ya mgonjwa. Tukisema baridi yabisi tunatamka Kiarabu cha matabibu, ubaridi na ukavu, sifa mbili za sauda katika hesabu ya zile tabia nne. Balghamu ni mmoja wa walewale wanne. Safura pia, ijapokuwa kwetu imehama kutoka nyongo ya manjano ikawa jina la maradhi ya minyoo inayokausha damu. Mzee aliyekakamaa akiambiwa ana baridi yabisi, anapelekwa kwenye viungo wakati ugonjwa uko kwenye ubongo, na anaweza kukaa huko miaka, akikandwa magoti. Upepo ni hadithi nyengine. Vitabu vya Ayurveda vinayo kampavata: kampa ni kutetemeka, vata ni upepo. Sidai kwamba Pwani iliiga kutoka Bara Hindi wala kinyume chake. Pande zote mbili waliona mwili unaotikisika pasi na mtikisaji, kama mnazi, na wakauliza swali ambalo mtu yeyote wa msimu wa kusi angeuliza.

Lakini upepo wa Kihindi na upepo wa Kiswahili havielekei pamoja. Vata ni nguvu ya ndani ya mwili. Ikizidi inashushwa kwa chakula, mafuta na dawa. Upepo wetu unatoka nje, una nia, na pengine una jina na hupenda uvumba fulani. Wa kwanza unamwacha mgonjwa kuwa mgonjwa. Wa pili unamweka katikati ya mgogoro wa watu. Nadhani hii ndiyo sababu katika dawa za Kihindi kukapatikana mmea, na kwetu mmea huohuo ukabaki silaha ya ugomvi.

Mmea wenyewe ni upupu. Hakuna mtoto wa shamba Unguja asiyeujua: maganda yenye manyoya ya dhahabu yanayopendeza kwa macho, ukiyagusa unajikuna hadi jioni. Watu wamemwagiana upupu vitini na vitandani. Ndani ya ganda hilo kuna mbegu, na ndani ya mbegu kuna levodopa, ileile iliyomo katika vidonge vya Parkinson. Wahindi waliitumia kabla ya mtu yeyote kujua jina la kemikali hiyo. Wanakemia wa India waliitenga kutoka kwenye mbegu za upupu mwaka 1937. Ulaya ilifika kwa mlango mwengine: Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kazi ya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitengeneza kutokana na levodopa, mwishoni mwa miaka ya 1950, Oleh Hornykiewicz na Walther Birkmayer wakaijaribu levodopa kwa wagonjwa Vienna mwaka 1961, na George Cotzias, mwaka 1967, akapata namna ya kupandisha dozi pole pole hadi ikafanya kazi kweli.

Waitaliano waliurudisha upupu kliniki. Majaribio yaliyofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kwamba unga wa mbegu zilizokaangwa unaweza kumfungua mgonjwa sawa na kidonge. Katika jaribio lao la baadaye la wiki 16, nusu ya wagonjwa walishindwa kuendelea, baadhi kwa tumbo, baadhi kwa mwendo kurudi nyuma. Basi asije mtu kusoma hapa akaenda kuchuma ukutani mwa jirani na kuchemsha. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na manyoya yale hayajawahi kumsamehe mtu. Ninachosema ni kwamba dawa ya maradhi haya haikuletwa na meli peke yake. Ilikuwa imeota nyuma ya nyumba, ikangoja mtu wa kuiuliza swali la mwili badala ya swali la adui.

Ushahidi wetu wa karibu juu ya wagonjwa wenyewe haukutoka visiwani, umetoka Hai, Kilimanjaro. Catherine Dotchin na Richard Walker, pamoja na wenzao wa Tanzania, walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, na matokeo yakachapishwa 2008. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Wapo waliokuwa wakihesabiwa wazee tu, wapo waliohesabiwa wamerogwa. Ukichukua uwiano wa Hai ukauweka juu ya watu 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar katika sensa ya 2022, unapata kama watu 390. Hiyo ni hesabu ya barazani, si takwimu. Umri wa watu wa Hai si umri wa watu wa hapa. Inatosha kunionyesha jambo moja: ni idadi inayoweza kujulikana kwa majina. Si jeshi. Ni daladala ishirini.

Weka kando ya Hai utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, ambao Ray Dorsey wa Chuo Kikuu cha Rochester alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wagonjwa 195 waligawanywa: wengine waendelee na matibabu ya kawaida, wengine waongezewe kuonana na bingwa kwa video wakiwa nyumbani, mara nne kwa mwaka. Kila kikao kiliokoa dakika 88 na maili 38. Maili 38 ni kilomita 61, karibu sawa na Makunduchi hadi mjini. Nilipokutana na namba hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu dakika 88 ni za mtu mwenye gari lake. Mzee wa Makunduchi anayehitaji kushikwa mikono miwili kupanda daladala, anayehitaji mtu wa kufuatana naye, na mtu huyo akaacha mwani wake au duka lake, hapotezi dakika 88. Anapoteza siku, na mwenzake pia.

Matokeo mengine ya utafiti ule hayasemwi sana na wauza programu. Hali ya maisha ya waliopata video haikuwa bora kuliko ya wenzao. Haikuwa mbaya pia. Na karibu robo tatu ya washiriki walikuwa na shahada ya chuo. Yaani video ilikuwa nyongeza kwa watu waliokwisha kuwa na daktari, dawa, intaneti na kiti kizuri. Hai iko upande wa pili: watu wasio na jina la ugonjwa wao. Kwa mgonjwa wa Rochester, tiba mtandao humpunguzia safari. Kwa mgonjwa wa Unguja, inaweza kuwa mara ya kwanza ya mtu kumtazama akijua anatazama nini. Ni kifaa kimoja, lakini kazi si moja, na atakayeleta Unguja mpango wa Rochester kama ulivyo atakuwa amepanga kuokoa dakika za mtu ambaye shida yake si dakika.

Mnazi Mmoja si hospitali ya kubezwa. Tangu 2014 ina kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kilichojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania, na kimewatibu watoto wengi wa vichwa maji. Ila maradhi ya mwendo hayaishi chumba cha upasuaji. Yanaishi miaka kumi na tano nyumbani, yakitaka dozi ibadilishwe kidogo, tena kidogo. Ndiyo kazi inayofaa simu kuliko nyengine zote.

Na video ina jambo moja ambalo kliniki haina: huiona nyumba. Wagonjwa wa Parkinson huganda, miguu ikanata sakafuni, hasa kwenye mlango na penye njia nyembamba. Sasa fikiri Mji Mkongwe. Milango ya kuchongwa yenye vizingiti vya kurukwa, vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa mabega, ngazi zinazopanda kama kisima kilichogeuzwa. Ungedhani mji huu ulijengwa kumtesa mgonjwa huyu. Lakini wengi wanaoganda kwenye sakafu tupu hupanda ngazi bila ya taabu, kwa sababu kila daraja ni alama inayoliambia jicho wapi pa kuweka mguu. Utepe wa rangi uliobandikwa sakafuni hufanya kazi hiyohiyo. Daktari wa mbali aliyeonyeshwa ngazi ataacha kusema mzee ahamishiwe chini, na badala yake ataomba mistari mitano mbele ya mlango wa choo. Hakuna chumba cha kungojea kitakachomfundisha hilo.

Kuna mambo ambayo bingwa aliyeko Newcastle au Muscat hatayajua asipoambiwa. La kwanza ni salamu. Kwetu huwezi kumfungulia mzee video ukasema nyoosha mikono. Ni shikamoo, marahaba, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, na vipi hali. Daktari mwenye dakika kumi na tano ataona anapoteza wakati. Hapotezi. Katika salamu ndefu sauti iliyofifia inasikika, jibu linalochelewa linahesabika, na uso usiocheka mahali pa kucheka unajitoa wenyewe. Mila yetu imekwisha kutunga nusu ya ukaguzi, tena nusu ambayo mgonjwa hajui kwamba anakaguliwa.

La pili ni sitara. Kuukagua mwendo kunataka uone miguu. Kuukagua uso kunataka uone uso. Bibi wa buibui anaombwa aidhihirishe miguu yake mbele ya simu ya mjukuu, na video hiyo itakaa kwenye simu hiyo pamoja na mipira na vichekesho. Nani ataiona? Nimesikia familia zikikataa, na sioni kwamba ni ushamba. Zimeuliza swali la usiri wa mgonjwa kwa lugha yao. Jawabu si kuwahubiria. Jawabu ni muuguzi mwanamke, simu ya kituo, na video inayofutwa ikishatazamwa.

La tatu ni saumu. Levodopa hunywewa mara kadhaa kwa siku kwa saa zake. Ikikosa saa moja mgonjwa anaweza kufungika kama mlango. Ramadhani inapoingia, wazee wengi hufunga bila ya kumwambia mtu, hata walio na ruhusa ya dini ya kutofunga, kwa sababu kula mchana kunawauma kuliko maradhi. Kikao cha video cha Shaabani kinafaa kuwa cha lazima. Na chakula: protini hushindana na levodopa kuingia mwilini, basi kidonge kinywewe kabla ya samaki, si pamoja naye. Katika kisiwa hiki agizo hilo si dogo.

Nirudi kwenye kiwiko. Nani atakishika? Mila zote nilizozipitia zilikuwa na mkono upande wa mgonjwa hata pale ambapo zilijifanya hazina. Ramli ililetwa na dada. Chupa ilibebwa na mjumbe. Kombe lilinyweshwa na mtu. Na Unguja kuna mikono ambayo haimo katika mpango wowote wa tiba mtandao niliousoma: wakandaji. Yule mama anayekanda wazazi na wazee kwa mafuta ya nazi na karafuu ameshika mikono iliyokakamaa mingi kuliko daktari yeyote wa kisiwa. Anajua tofauti ya mkono wenye maumivu na mkono unaokataa. Hana neno la kliniki, lakini kile ambacho Parkinson alikikosa barabarani na kamera inakikosa leo, kimo katika viganja vyake. Anayemwita mshirikina kwa sababu anasoma Bismillahi kabla ya kuanza amejinyima chombo.

Mkono wa pili upo serikalini. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioendeshwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kushirikiana na D-tree, umewapa wahudumu wa kujitolea zaidi ya elfu mbili simu zenye programu, nao hupita nyumba kwa nyumba katika wilaya zote 11. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa mama na mtoto, na sipendekezi waongezewe mzigo usiolipwa. Lakini tayari wamo ndani ya nyumba, wanajulikana, na wameshakunywa chai ya bibi. Kumtazama mzee akinyanyuka kitini bila ya kutumia mikono, akenda hatua kumi na kurudi, kisha kumkunja kiwiko, ni dakika mbili. Mwenye kufundishwa vizuri hujifunza kwa siku moja. Walipwe kwa hiyo kazi.

Halafu dawa. Levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwenye karatasi hilo hupendeza. Njia ya kweli ya vidonge vingi kufika visiwani naijua kama kila mtu anavyoijua: sanduku la jamaa anayetoka Muscat, Dubai au London, katikati ya vitambaa na haluwa. Jamaa akikosa tiketi, mzee anafungika. Video iliyomalizika kwa jina la dawa isiyopatikana ni kombe lililoandikwa sahanini likaoshwa hukohuko kwa mwandishi. Mradi wa utafiti ulioanza 2022 katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, umeutia na upupu katika maswali yake, na hilo ni jema. Bohari ya dawa isingoje jibu la upupu.

Neno kidogo juu ya waya, maana tumeshawahi kukatikiwa. Zanzibar ilipata waya wa simu ya maandishi chini ya bahari mwaka 1879, kabla ya miji mingi ya bara hili, na tangu hapo tumezoea kuamini kilicho chini ya maji. Umeme wa Unguja nao unapita baharini kutoka bara. Ulikatika mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya jenereta na mishumaa. Waya mpya ukaja 2013. Anayepanga tiba mtandao kwa wagonjwa wa miaka kumi na tano apange na miezi mitatu ya giza ndani yake: dozi iandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na jirani mmoja aijue.

Kwa hiyo nikiulizwa hospitali za Kivunge na Makunduchi ziwe na nini ili mzee wa kutetemeka atibiwe na bingwa asiyeweza kumgusa, nitataja kiti kisicho na mikono, ukumbi wa hatua kumi wenye mistari sakafuni, muuguzi wa kike na wa kiume waliofundishwa kukunja kiwiko na kueleza kwa Kiswahili walichokisikia, akiba ya levodopa ya miezi mitatu, na simu. Kati ya hivyo vyote, simu ndiyo ambayo tayari ipo.